Mafuta ya breki: Kinga isiyoonekana ya gari la kazi katika miteremko ya Meru na Embu

BARABARA ya kutoka Embu kuelekea Meru hukata mabonde mengi yaliyochimbwa na mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya. Thuci, Nithi na Mutonga ni baadhi ya mito hiyo. Kila mto una daraja lake, na kila daraja lina mteremko pande zote mbili. Dereva anayepitia Runyenjes, Chuka, Chogoria, Igoji na Nkubu hupanda na kushuka mara nyingi kabla ya kufika mwisho wa safari.

Daraja la Nithi, katika kaunti ya Tharaka-Nithi, ndilo linalotajwa kwa hofu kuliko mengine yote. Jioni ya Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto huo na zaidi ya watu 30 wakafariki. Maafisa wa serikali walisema baada ya mkasa huo kwamba huenda breki za basi hilo zilishindwa kufanya kazi.

Mabasi makubwa na malori mazito hutumia breki zinazoendeshwa kwa nguvu za hewa. Lakini matatu, pikapu na magari madogo ya mizigo yanayosafirisha maziwa, ndizi, majani chai, miraa na bidhaa za dukani katika eneo hili hutegemea kitu kingine kabisa: takriban lita moja ya umajimaji uliofungiwa katika mabomba membamba. Umajimaji huo ndio huitwa mafuta ya breki, na ndio sehemu ya gari inayosahauliwa zaidi na wenye magari.

Wengi huyaangalia mafuta hayo pale tu yanapopungua. Lakini hatari kubwa haitokani na kupungua pekee. Mafuta ya breki huzeeka hata yakiwa yamejaa hadi alama ya juu, na yakizeeka huweza kuchemka katikati ya mteremko. Kwa sababu hiyo, umri wa mafuta hayo una uzito sawa na kiasi chake.

Nguvu inayokwenda wapi?

Gari linaloteremka mlima lina nishati ambayo ni lazima iende mahali fulani. Chukua mfano wa gari la mizigo la aina ya Toyota HiAce au Nissan Caravan ambalo, pamoja na shehena yake, lina uzito wa tani tatu. Likishuka kimo cha mita 200 bila kuongeza kasi, nishati inayopaswa kuondolewa inakaribia kutosha kuchemsha maji ya mtungi wa lita 20.

Sehemu ya nishati hiyo humezwa na injini na upepo. Iwapo dereva anategemea kanyagio la breki pekee, sehemu kubwa hugeuka kuwa joto katika diski na ngoma za magurudumu. Diski inaweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi. Joto hilo husafiri kupitia pedi na pistoni hadi kwenye mafuta yaliyo nyuma yake.

Miteremko ya eneo hili si ya Nithi pekee. Magari yanayobeba viazi na vitunguu kutoka Timau, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huteremka hadi Isiolo iliyo takriban mita 1,100. Yale yanayotoka Maua hupita katika milima ya Nyambene. Huko Embu, magari yanayoshusha bidhaa kutoka maeneo ya majani chai hadi Siakago na Kiritiri hutoka kwenye baridi ya mlima na kuingia katika joto la Mbeere.

Jinsi mafuta yanavyofanya kazi

Mfumo wa breki hizi unafuata kanuni iliyoelezwa na mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: umajimaji uliofungiwa hupitisha shinikizo kwa kipimo sawa kila upande. Dereva anapokanyaga breki, pistoni iliyo katika silinda kuu husukuma mafuta. Mafuta hayo nayo husukuma pistoni za magurudumu, na pedi au lainingi hubana diski au ngoma.

Kanuni hii inafaulu kwa sababu umajimaji haubanwi kwa urahisi. Mvuke, kwa upande mwingine, hubanwa. Mafuta yakichemka, mapovu ya mvuke hutokea ndani ya mabomba. Dereva akikanyaga, nguvu ya mguu wake huishia kubana mapovu badala ya kusukuma pistoni. Kanyagio hulegea, huzama hadi sakafuni na gari huendelea kukimbia.

Jambo la kutatanisha ni kwamba breki zikishapoa, mvuke hugeuka tena kuwa umajimaji na kanyagio hurejea kuwa gumu. Dereva aliyenusurika hufika gerejani, fundi akalijaribu gari na kukosa kuona kasoro. Gari hurudishwa barabarani likiwa na mafuta yale yale, tayari kumshangaza dereva katika mteremko mwingine.

Ni muhimu kutofautisha hali hii na ile ya pedi kuzidiwa na joto. Pedi zikizidiwa, kanyagio hubaki gumu lakini gari halipunguzi mwendo inavyotarajiwa, na mara nyingi harufu ya kuungua husikika. Mafuta yakichemka, kanyagio lenyewe ndilo hulegea.

Mafuta yasiyo mafuta

Jina la mafuta ya breki limewapotosha wengi. Kwa hakika, aina zinazotumika katika magari mengi si mafuta kama yale ya injini. Ni kemikali za jamii ya glikoli, ambazo huchanganyika na maji.

Mtu akiongeza mafuta ya injini, ya gia au ya usukani kwa kudhani kwamba yote ni mafuta, mipira iliyo ndani ya silinda huvimba na kuharibika. Breki zinaweza kukwama au kuvuja. Kosa kama hilo likifanyika, kuyamwaga mafuta hayo hakutoshi. Mfumo mzima husafishwa, na mipira yote iliyoguswa hubadilishwa.

Glikoli ina tabia nyingine: huvuta unyevu kutoka hewani. Maji hupenya polepole kupitia mipira ya breki na kila mara kifuniko kinapofunguliwa. Kwa kawaida kiasi hicho hukaribia asilimia moja au mbili kwa mwaka, kutegemea hali ya hewa na hali ya mipira. Katika eneo lenye mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, unyevu haukosekani.

Maji hayo huleta madhara mawili. Kwanza, hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huchemkia. Pili, husababisha kutu ndani ya silinda na pistoni, na kutu hiyo hukwaruza mipira hadi mafuta yaanze kuvuja.

Maana ya nambari za DOT

Herufi DOT zilizo kwenye chupa zinatokana na jina la Kiingereza la Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo viwango vyake vimekubalika kote duniani. Kila daraja hupimwa mara mbili: mafuta yakiwa makavu, yaani mapya, na yakiwa yameloa, yaani yakiwa na maji ya takriban asilimia 3.7.

DOT 3 ni lazima yastahimili angalau nyuzi 205 yakiwa makavu na 140 yakiwa yameloa. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180.

DOT 5 pia ni 260 na 180, lakini imetengenezwa kwa silikoni wala si glikoli, na kwa kawaida hutiwa rangi ya zambarau. Aina hii haichanganyiki na nyingine na haifai kutiwa katika gari lililoundiwa glikoli. Mnunuzi asome vizuri: DOT 5 na DOT 5.1 ni vitu viwili tofauti, ingawa nambari zake zinakaribiana.

Tazama tofauti iliyopo kati ya mafuta mapya na yaliyoloa. DOT 4 iliyokaa hadi ikaloa huchemka katika nyuzi 155, ilhali DOT 3 iliyotiwa jana hustahimili zaidi ya 200. Kwa maneno mengine, mafuta ya daraja la chini yanayobadilishwa kwa wakati ni salama kuliko ya daraja la juu yaliyosahaulika.

Kuchagua yanayofaa

Kanuni ya kwanza ni kufuata maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki au katika kitabu cha gari. Magari mengi ya kazi nchini Kenya huagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na kwenye baadhi ya vifuniko vyake huandikwa BF-3 au BF-4. Hivyo ni viwango vya Japani vinavyolingana na DOT 3 na DOT 4.

Gari lililoandikiwa DOT 3 kwa kawaida linaweza kutumia DOT 4, kwa kuwa zote ni za glikoli. Kwa gari linalobeba mzigo mzito kila siku kati ya Embu na Meru, DOT 4 hutoa nafasi zaidi kabla ya mafuta kuchemka. Hata hivyo, gari lililoandikiwa DOT 4 halifai kurudishwa kwa DOT 3.

Faida ya DOT 4 haipatikani kwa kuongeza kidogo juu ya mafuta makuukuu. Mchanganyiko hubeba udhaifu wa yale yaliyotangulia. Ni lazima ya zamani yatolewe yote.

Aidha, gari lililonunuliwa likiwa limetumika, liwe la kutoka ng'ambo au la mtu wa hapa nchini, lina mafuta ambayo umri wake haujulikani. Mwenye gari mwenye busara huyabadilisha kabla ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Tahadhari dukani

Chupa inunuliwe ikiwa na muhuri ambao haujavunjwa. Lebo iwe na daraja la DOT, jina la mtengenezaji, na alama ya Shirika la Viwango vya Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS). Mafuta yanayopimwa kutoka kwenye mtungi mkubwa na kutiwa katika chupa ya soda hayana uthibitisho wowote, hata kama muuzaji ni rafiki.

Ni afadhali kununua chupa ndogo itakayokwisha siku hiyo kuliko kubwa itakayobaki. Chupa iliyofunguliwa huanza kuvuta unyevu mara moja. Ile inayokaa kwenye rafu ya gereji miezi sita ikiwa nusu, kifuniko chake kimelegea, haifai tena kuaminiwa na maisha ya abiria.

Ukaguzi wa kila wiki

Chombo cha mafuta ya breki kina alama ya juu na ya chini. Kiasi kikishuka polepole, huenda ni kwa sababu pedi zinaisha na pistoni zimesogea mbele. Kikishuka ghafla, kuna mahali panapovuja. Katika hali zote mbili, kujaza bila kutafuta chanzo ni kuficha ugonjwa. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dereva akague upande wa ndani wa kila gurudumu kama kuna unyevu, na mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu kama imepasuka au kuvimba. Akanyage breki gari likiwa limesimama na injini ikinguruma: kanyagio likizama polepole chini ya mguu, silinda kuu huenda imechoka au kuna uvujaji.

Magari mengi hutumia mafuta hayo hayo katika klachi. Chombo cha klachi nacho kikaguliwe.

Rangi husaidia kiasi. Mafuta mapya ya glikoli huwa meupe au ya manjano hafifu, na yakizeeka hugeuka hudhurungi. Lakini maji hayana rangi, kwa hivyo mafuta yanayong'aa yanaweza kuwa yameloa. Kipimo cha uhakika zaidi ni kifaa kinachochemsha tone la mafuta na kuonyesha nyuzi. Vipo pia vifaa vidogo mfano wa kalamu vinavyokadiria kiasi cha maji. Pasipo na kipimo, kalenda ndiyo itumike.

Watengenezaji wengi hupendekeza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kwa gari linalofanya kazi nzito milimani, kubadilisha mara moja kwa mwaka ni hadhari isiyo na gharama kubwa, hasa ikifanywa kabla ya masika.

Hatua za kubadilisha

Kazi hii huhitaji watu wawili, ufunguo unaolingana na skrubu ya kutolea hewa, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa ya kupokelea na takriban lita moja ya mafuta mapya.

Kwanza, eneo la kifuniko husafishwa kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Mafuta ya zamani yaliyo katika chombo hunyonywa kwa bomba la sindano, kamwe si kwa mdomo, kwa kuwa ni sumu. Kisha chombo hujazwa mafuta mapya.

Kazi huanzia kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwa magari ya Kenya yenye usukani upande wa kulia, mara nyingi hilo ni la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto na kumalizia la mbele kulia. Mtengenezaji akitoa mpangilio tofauti, huo ndio ufuatwe.

Mtu mmoja hukanyaga breki polepole na kushikilia. Mwingine hulegeza skrubu, mafuta yatoke kupitia mpira hadi kwenye chupa, kisha huikaza kabla mwenzake hajainua mguu. Hatua hii hurudiwa hadi mafuta safi yasiyo na mapovu yatoke. Chombo cha juu kisiachwe kikauke, la sivyo hewa itaingia na kazi itaanza upya. Kanyagio lisishindiliwe hadi mwisho, kwani mipira ya silinda iliyochakaa inaweza kukwaruzwa.

Magari mengi ya mizigo yana vali inayopima uzito wa shehena karibu na ekseli ya nyuma. Nayo huenda ikahitaji kutolewa hewa. Magari yenye mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama, yaani ABS, wakati mwingine huhitaji kompyuta ya fundi.

Mafuta yakimwagika kwenye rangi ya gari yaoshwe kwa maji mara moja, kwa kuwa huibambua. Yaliyotolewa yasimwagwe mtaroni. Mito ya Thuci na Nithi humwaga maji yake katika Mto Tana, na maelfu ya watu huyatumia.

Mkononi mwa dereva

Mafuta bora hayawezi kufidia uendeshaji mbaya. Kabla ya kuanza kuteremka, dereva ashushe gia ili injini ishikilie gari, kisha akanyage breki kwa vipindi vifupi vyenye nguvu badala ya kuacha mguu ukielea juu ya kanyagio mteremko mzima. Kuteremka katika gia huru kwa nia ya kuokoa petroli ni hatari. Isitoshe, injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linapoteremka likiwa ndani ya gia, kwa hivyo hakuna kinachookolewa.

Kanyagio likizama, dereva alikanyage na kuliachilia kwa haraka mara kadhaa, ashushe gia moja baada ya nyingine na kuvuta breki ya mkono polepole. Breki ya mkono katika magari mengi ya aina hii huvutwa kwa waya, hivyo haitegemei mafuta. Injini isizimwe, kwani usukani utakuwa mzito na msaada wa breki utapotea. Baada ya kusimama salama, safari isiendelee eti kwa sababu kanyagio limerudi. Mafuta yabadilishwe kwanza.

Wajibu wa mwenye gari

Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA), iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, husimamia ukaguzi wa magari ya abiria na ya biashara. Hata hivyo, kidhibiti mwendo hakisimamishi gari lililopoteza breki mteremkoni, na gari linaloshika breki vyema katika uwanja tambarare wa ukaguzi, likiwa tupu na baridi, halijathibitisha litakavyokuwa likiwa na tani moja ya ndizi mgongoni likikaribia Nithi.

Pengo hilo huzibwa na mwenye gari. Kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya boneti, kikiwa na tarehe ya mafuta kubadilishwa, aina ya DOT na jina la fundi, kinatosha kumwambia kila dereva atakayepewa ufunguo kile anachobeba chini ya mguu wake. Chupa moja ya mafuta ya breki haifikii bei ya gurudumu jipya. Mdharau mwiba mguu huota tende, na katika barabara ya Embu na Meru, mwiba huo huwachoma pia abiria ambao hawakuwahi kuulizwa kama mafuta yalibadilishwa.